Nepal: ziwa lililokauka na mafundi waliokaa juu yake

Nepal hutajwa kwa mlima mmoja. Sagarmatha, ambao wengi wetu tulifundishwa shuleni kuuita Everest, una urefu wa mita 8,848.86, kipimo ambacho Nepal na China zilikitangaza kwa pamoja Desemba 2020. Lakini anayetaka kuielewa nchi hii ataambulia kidogo akianzia kileleni. Heri aanzie shimoni. Ukichimba sehemu nyingi za bonde la Kathmandu, chini ya shamba la mpunga au chini ya msingi wa ghorofa, utakutana na udongo mweusi, mzito, unaonata kwenye jembe. Wenyeji huuita kalimati, maana yake udongo mweusi, na mtaa wenye soko kubwa la mboga mjini Kathmandu una jina hilohilo. Udongo huo ni tope la ziwa.

Bonde lote lilikuwa ziwa. Masimulizi ya Kibudha yanasema Manjushri alikuja, akaona ua la lotasi likiwaka mwanga katikati ya maji, akakipasua kilima kwa upanga pale Chobhar, maji yakatoka. Wanajiolojia hawana habari za upanga, lakini kuhusu ziwa hawabishani na masimulizi: mashapo yake yana kina cha zaidi ya mita 500 katikati ya bonde, na hadi leo mto Bagmati unatoka bondeni palepale Chobhar, kwenye korongo jembamba kusini magharibi mwa jiji. Karibu kila kazi ya mikono inayoipa Nepal sifa imeshikamana na sakafu ya ziwa hilo: vyungu, matofali, hata sanamu za shaba, kwa sababu shaba humiminwa ndani ya udongo.

Nchi iliyosimama wima

Toka mpaka wa India kwenda kaskazini. Upana wa Nepal ni kilomita 150 hadi 250 tu, kutegemea unapokatia. Unaanzia Tarai, tambarare yenye joto ambayo sehemu yake ya chini kabisa, huko Jhapa, iko mita kama 60 juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo penye mpunga mwingi, misitu ya miti ya sal na vifaru wa Chitwan. Kisha unapanda vilima vya Chure vinavyomomonyoka kila mvua, halafu safu ya Mahabharat, halafu nchi ya kati ya miteremko iliyokatwa ngazi za mashamba. Mwisho ni Himal, theluji yenyewe, na nyuma yake sehemu kavu kama Mustang ambako mvua za monsuni hazivuki milima. Sensa ya 2021 ilihesabu lugha 124 katika nchi hii. Si ajabu: watu wa mabonde mawili yaliyo jirani kwa ramani wanaweza kuwa siku kadhaa mbali kwa miguu.

Katika nchi ya namna hii, ardhi pana, tambarare na yenye rutuba huko milimani ni bahati adimu. Bonde la Kathmandu, kwenye mwinuko wa mita 1,300 hivi, ndilo bahati hiyo. Tope la ziwa lilizaa mpunga wa ziada, na mpunga wa ziada hulisha watu wasiolima. Halafu njia za biashara kati ya tambarare za India na Tibet zilipita hapo: chumvi, sufu na dhahabu zikishuka, nguo na nafaka zikipanda. Wafalme wa Malla, waliotawala bonde hili, walifua hata sarafu za fedha zilizotumika Tibet. Chakula kikiwapo, fedha ikiwapo na udongo ukiwapo, fundi hukosa sababu ya kuhama.

Mafundi hao kwa sehemu kubwa ni Wanewar. Kwa sensa ileile ya 2021 hawafiki hata 5 kwa kila watu 100 wa Nepal, na lugha yao, Nepal Bhasa, haina udugu wa asili na Kinepali cha ofisini. Kwao jina la ukoo ni kitambulisho cha kazi. Prajapati ni wafinyanzi. Shilpakar ni wachonga mbao. Tamrakar hufua vyombo vya shaba, Chitrakar huchora, Ranjitkar hutia nguo rangi, na Shakya, ukoo wa Kibudha, ndio wanaomimina miungu. Siku hizi kuna Prajapati daktari na Shakya rubani, na kuna mafundi wa kabila la Tamang wanaochora na kuchonga kuwashinda wengi. Hata hivyo ukisoma majina kwenye vibao vya maduka ya Patan, mji jirani wa Kathmandu, bado unasoma orodha ya kazi.

Kulikuwa na kichocheo kingine: ushindani. Baada ya mfalme Yaksha Malla kufa mwaka 1482, bonde liligawanyika hadi kuwa falme tatu, Kathmandu, Patan na Bhaktapur, zote zikionana kwa macho. Mmoja akijenga hekalu, mwenzake hukosa usingizi. Ndiyo maana katika eneo dogo hivi UNESCO iliweka mwaka 1979 makundi saba ya majengo kwenye orodha ya urithi wa dunia. Ushindani huo ulikatishwa na Prithvi Narayan Shah, mfalme wa Gorkha nje ya bonde, aliyeliteka bonde mwaka 1768 na 1769.

Nani alilipa matengenezo? Hapa wageni wengi hupotea, ilhali msomaji wa Kiswahili ataelewa upesi. Kuna kitu kinaitwa guthi, na kinafanana sana na wakfu. Mtu au ukoo hutoa shamba. Mazao yake ndiyo hugharimia taa za hekalu, karamu ya mwaka, kamba mpya za gari la mungu linalovutwa siku ya sherehe, vigae vilivyovunjika. Wanachama hurithi zamu zao. Serikali ilipoleta mswada wa kuziweka guthi zote chini ya chombo kimoja mwaka 2019, maelfu ya watu waliingia barabarani Kathmandu na mswada ukaondolewa mwezi huohuo wa Juni. Hawakuwa wanapigania sherehe tu. Bila guthi, fundi wa mbao hana mteja wa kudumu.

Chungu, na mtindi unaokihitaji

Bhaktapur na Thimi ndiyo miji ya wafinyanzi. Udongo mweusi peke yake unanata mno na hunywea unapokauka, kwa hiyo huchanganywa na udongo hafifu au mchanga, hukandwa kwa miguu, kisha mikononi, hadi vijiwe na mizizi vitoke vyote. Gurudumu ni zito. Zamani lilikuwa la mbao lililotiwa udongo, siku hizi mara nyingi ni tairi la gari lililojazwa zege. Mfinyanzi huliingiza fimbo na kulizungusha kwa nguvu. Uzito wake ndio unaolifanya liendelee kuzunguka wakati mikono inapandisha ukuta wa chungu. Chombo kikubwa hakimalizwi kwenye gurudumu. Huachwa kikauke nusu, kisha hupigwa kwa kibao nje huku jiwe likishikiliwa ndani, ukuta ukipungua unene na kukaza.

Kuchoma hakuhitaji tanuri. Vyungu hupangwa chini kwa tabaka pamoja na mabua ya mpunga, lundo lote likafunikwa kwa mabua zaidi na jivu. Moto hutembea polepole ndani, na hadi lundo lipoe siku tatu au nne zimepita. Hasara hutoka mahali pachache panapojulikana. Chungu ambacho hakijakauka hadi kiini hupasuliwa na mvuke wake chenyewe. Shimo kwenye jivu huingiza upepo, moto ukapanda upande mmoja, vyungu vya upande huo vikapata ufa na vya upande wa pili vikabaki vibichi. Na kati ya Juni na Septemba, mvua zinaponyesha, kukausha kwenyewe ni mtihani, ndiyo maana wafinyanzi hujaza akiba kabla.

Vyungu hivi havitiwi kauri juu, na hiyo si kasoro. Bhaktapur hutengeneza juju dhau, mtindi wa kifalme, kwa maziwa ya nyati. Maziwa huchemshwa hadi yapungue, hutiwa sukari, huachwa yapoe hadi kuwa vuguvugu, humiminwa kwenye bakuli za udongo na kutiwa kijiko cha mtindi wa jana. Bakuli hupangwa juu ya makapi ya mpunga na kufunikwa mablanketi mazito, zisiguswe kwa saa kadhaa. Makapi huhifadhi joto, na udongo wenye vitundu hunyonya maji ya mtindi. Matokeo ni mtindi mzito unaokatwa kwa kijiko kama keki. Mtindi wa siku ya kwanza kwenye bakuli jipya huwa mzito kuliko ule wa bakuli lililokwisha kunywa maji.

Tofali na mbao

Nyumba ya Kinewar ni tofali nyekundu na mbao nyeusi. Kati ya tofali na tofali ni tope, si saruji, na tope huogopa mvua. Suluhisho lake ni tofali la nje linaloitwa dachi apa: limekatwa umbo la kabari, pana usoni na jembamba nyuma. Yakipangwa, nyuso hugusana kabisa na tope hubaki limejificha nyuma, mvua isilione. Mafundi wanaotumia tofali la kawaida kwenye matengenezo kisha wakaziba mianya kwa saruji huharibu zaidi ya wanavyotengeneza, kwani saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta na ncha za boriti huoza.

Mbao kuu ni sal, ngumu na nzito, ya kuletwa kutoka misitu ya chini. Viungo ni ulimi na tundu, vikikazwa kwa vipande vya mbao vyenye umbo la kabari badala ya msumari. Dirisha la wavu, tikijhya, huundwa kwa mamia ya vipande vidogo vilivyotiwa pengo na kuingiliana. Hakuna gundi, na kipande cha mwisho ndicho kinachofunga vyote. Ukikosea kipimo kwa unene wa ukucha mwanzoni, kosa hujumlishwa kila mstari hadi kipande cha mwisho kigome kuingia.

Viungo hivyo hucheza kidogo jengo linapotikiswa, na hiyo ni faida, mradi vyote vipo. Tetemeko la tarehe 25 Aprili 2015, la kipimo cha 7.8, liliua karibu watu 9,000 nchini. Ziwa la kale lilikumbukwa siku hiyo: tope laini lilikuza mitikisiko mirefu ya polepole na kuufanya mji uyumbe kama beseni la uji. Nyatapola, hekalu la orofa tano la Bhaktapur lililojengwa mwaka 1702, lilibaki limesimama, kama lilivyobaki kwenye tetemeko la mwaka 1934. Kasthamandap, jumba la mbao ambalo wengi husema ndilo lililoipa Kathmandu jina, lilianguka. Wanaakiolojia walipochimba waligundua misingi yenyewe ilikuwa mizima, ya karne ya 7. Tatizo mojawapo lilikuwa nguzo kuu moja kati ya nne ambayo haikuwa imeshikwa tena na jiwe lake la chini, kasoro ambayo ukarabati wa karne ya 20 haukuirekebisha. Jengo la miaka mingi liliangushwa na kiungo ambacho hakuna aliyekiona chini ya sakafu.

Kumimina mungu

Patan, ng'ambo ya Bagmati, ndiyo nyumba ya sanamu za shaba. Katika karne ya 13 kijana wa bonde hili, Arniko, alipelekwa Tibet akiongoza kundi la mafundi, akaishia kwenye baraza la Kublai Khan. Stupa nyeupe, mnara wa ibada wa Kibudha, aliyoijenga bado iko Beijing. Njia yenyewe haijabadilika sana.

Kwanza nta, ambayo nafasi yake itakuja kuchukuliwa na shaba. Nta ya nyuki huchanganywa na utomvu wa mti wa sal na mafuta kidogo. Wakati wa baridi mafuta huongezwa ili isivunjike; wakati wa joto utomvu huongezwa ili isilegee. Fundi huipasha juu ya mkaa, huibonyeza, huikata, na kuinyoosha kwa vijiti vya pembe ya nyati, akilowesha maji isigandie. Sanamu kubwa huundwa vipande vipande: kiwiliwili, mikono, taji, kiti cha lotasi. Ndani huachwa wazi, kwa sababu shaba nene hupoa bila usawa na kupasuka, tena shaba ni ghali.

Kisha nta hupimwa uzito, na hapa hesabu ni ya lazima. Kwa ujazo uleule, shaba ina uzito wa mara tisa hadi kumi ya nta. Sanamu ya nta ya gramu 500, pamoja na vijiti vya nta vitakavyokuwa mifereji, itadai shaba kati ya kilo 4.5 na 5, na fundi huyeyusha zaidi ya hapo. Shaba ikiisha katikati ya kumimina hakuna kuongeza. Kilichoganda kimeganda, kazi ya wiki nyingi imekwenda.

Nta hupakwa uji wa udongo laini uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, tabaka baada ya tabaka, kila moja ikikauka kivulini kabla ya inayofuata. Tabaka hili la kwanza ndilo linalobeba kila mstari wa kope na kila ua la shanga. Kiputo kimoja cha hewa kikibaki hapo kitakuwa chunusi ya shaba baadaye. Juu yake huja udongo mzito wenye makapi ya mpunga. Makapi na nyuzi za kinyesi huungua wakati wa kuchoma na kuacha vitundu visivyoonekana, gesi ikapata pa kutokea. Kalibu, yaani ganda hilo la udongo, isipopumua huisukuma shaba irudi, na sanamu hutoka bila vidole.

Kalibu ikikauka vizuri, jambo linaloweza kuchukua wiki, nta huyeyushwa itoke na kalibu huchomwa hadi iwe nyekundu. Sambamba, shaba huyeyuka kwenye tanuri la pili. Kiwango chake ni nyuzijoto 1,085 na humiminwa ikiwa juu ya hapo, fundi akisoma rangi ya kijani kwenye ulimi wa moto. Vitu hivi viwili lazima viwe tayari kwa wakati mmoja. Kalibu iliyopoa huigandisha shaba njiani. Kalibu yenye unyevu hulipuka. Baada ya kupoa kalibu huvunjwa, kwa hiyo kila kalibu hutumika mara moja tu. Sanamu hutoka nyeusi na chafu, ikiwa na miiba ya mifereji, mara nyingi na tundu hapa au pale la kuzibwa kwa kipande cha shaba. Mchonga nakshi huichukua kwa patasi ndogo na nyundo, na kazi yake huwa ndefu kuliko ya mmiminaji.

Kwa nini shaba tupu, ngumu kumimina, na si shaba ya manjano inayotiririka vizuri? Sababu ni dhahabu. Dhahabu husagwa na zebaki hadi iwe rojo, hupakwa kwenye shaba iliyosafishwa, kisha hupigwa moto. Zebaki huruka na dhahabu hubaki imeshika, ikingojea kusuguliwa kwa jiwe la akiki hadi ing'ae. Madini mengine yaliyochanganywa, hasa risasi, huacha madoa meusi. Mvuke wa zebaki ni sumu ya mishipa ya fahamu, nao hutetemesha mikono ileile inayohitajika isitetemeke. Karakana zenye busara hufanya kazi hii mahali wazi au chini ya bomba la kuvuta moshi. Nyingine hutumia umeme, dhahabu ikakaa nyembamba zaidi.

Sanamu iliyokamilika bado ni shaba tu machoni pa waumini. Karatasi zenye maneno matakatifu huwekwa ndani, kitako hufungwa kwa bamba, macho hufunguliwa kwa ibada. Tangu hapo si pambo.

Karatasi kutoka juu

Karatasi za ndani ya sanamu, kama hati za zamani za ardhi, ni lokta, na hii haitoki bondeni. Hutokana na vichaka vya Daphne vinavyoota kati ya mita 1,600 na 4,000. Shina hukatwa juu kidogo ya ardhi ili mzizi uchipue, na eneo hilo huachwa miaka kadhaa. Anayeng'oa anajikatia riziki. Gome la ndani huchemshwa kwa maji ya jivu, siku hizi mara nyingi soda ya moto, huoshwa, hutwangwa kwa nyundo za mbao, na rojo humwagwa kwenye fremu ya kitambaa inayoelea majini. Fremu huinuliwa na kuanikwa juani. Soda ikizidi nyuzi hudhoofika. Isiposuuzwa vema karatasi huwa na manjano. Ikitengenezwa sawasawa wadudu huikwepa.

Kabla ya kununua

Geuza sanamu utazame chini na ndani. Iliyomiminwa kwa mkono ina ndani isiyo laini na mabaki ya udongo kwenye pembe. Siku hizi maduka mengi huuza nakala ambazo nta yake ilishindiliwa kwenye kalibu ya mpira, kumi kumi zinazofanana hadi kwenye mkunjo wa nguo; si wizi, ila zisiuzwe kwa bei ya kazi ya pekee. Ikiwa nyepesi isivyo kawaida na haina ubaridi mkononi, ni unga wa mawe na gundi.

Kitu cha zaidi ya miaka 100 hakiruhusiwi kutoka nchini. Hata sanamu mpya inahitaji hati ya Idara ya Akiolojia, vinginevyo itakwama uwanja wa ndege. Masharti haya yana sababu: sanamu ya Lakshmi-Narayana iliyoibwa Patan mwaka 1984 ilikutwa kwenye jumba la makumbusho la Dallas, Marekani, na kurudi nyumbani mwaka 2021. Hakurudi kwenye kabati la kioo. Alirudishwa kwenye hekalu lake, wanawake wa mtaa wakampaka tika, alama ya baraka.

Udongo wenyewe nao una mpinzani. Mashamba ya mpunga ya bonde yanageuzwa viwanja vya nyumba, na udongo uliofunikwa na zege hauchimbiki. Mabua na makapi ya karibu hupungua kadiri mpunga unavyopungua. Mtindi wa nyati utaendelea kuganda hata kwenye kikombe cha plastiki, ila maji yake yatabaki juu, kwa kuwa hayana pa kwenda.